Figo ya Chupani

Sauti iliyonishtua kwanza ilikuwa ya makofi. Nilikuwa jikoni, nyumbani kwa mama yangu huko Mountain View, nikichuja chai ya wageni, wakati akina mama wa kikundi cha kanisa waliokuwa sebuleni walipopiga makofi ya kilo: yale ya pamoja, yenye mshindo mmoja mzito, wanayopigiwa watu waliofaulu mitihani au waliomaliza kujenga. Katika nyumba ile hapakuwa na jambo lililostahili makofi. Mama alikuwa mgonjwa wa figo. Wageni walikuja kumwombea, na maombi, kama nilivyoyajua tangu utotoni, yalikuwa na sauti zake: kunong'ona, kupanda, kilio kidogo, kisha wimbo. Makofi hayakuwamo.

Nilipoingia na sinia, wote waligeuka wakanitazama mikono. Si uso, mikono.

"Ndio hii sasa," alisema mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mnene mwenye duka la vitambaa Kangemi, huku akipokea kikombe. "Mikono ya kushona figo."

"Si kushona," mama akamsahihisha kwa sauti ya ualimu wake wa zamani. "Anaikuza. Kwa chupa. Nimeiona na macho yangu."

"Na itakuwa tayari lini, daktari? Tujipange na shukrani. Krismasi itakuwa imetoka?"

Sikuwa daktari wa aina yoyote. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili mwenye macho mekundu na viatu vinavyonuka dawa ya kuua vijidudu. Niliiweka sinia mezani polepole ili nipate muda wa kupanga sentensi.

"Bado hatujafika hapo, mama," nikasema. "Ni utafiti tu. Kwa sasa jambo kama hilo haliwezekani."

"Kwa sasa," mwenyekiti akarudia, akiwageukia wenzake kwa furaha ya mtu aliyepewa tarehe, na makofi yakapigwa tena.

Mama hakunitazama. Alikuwa akinywa chai yake katika kile kikombe kidogo cha mtoto tulichomtengea ili maji ya siku yasizidi, na aliinywa kama mtu asiye na haraka, mtu ambaye mambo yake yamekwisha kupangwa.

Nilichokuwa nikikuza ni hiki. Ndani ya figo ya binadamu mna vifundo vidogo mno vya mishipa ya damu, na ndivyo vinavyoichuja damu. Ukuta wa ndani wa mishipa hiyo umetandikwa tabaka moja la seli nyembamba, zilizoshikana kama vigae vya sakafu. Seli za namna hiyo zilitolewa ng'ambo katika figo ya mtu nisiyemjua, zikagandishwa, zikatufikia katika kichupa kisichozidi ukubwa wa kidole changu cha mwisho, ndani ya sanduku linalofuka moshi wa barafu kavu. Niliziyeyusha kwa maji ya uvuguvugu, nikazimimina katika chupa bapa ya plastiki iliyopakwa gelatini, nikazipa maji ya lishe yenye rangi ya waridi, nikazilaza katika kabati lenye joto la mwili wa mtu. Zikashika. Zikagawanyika. Zilipojaza chupa nilizibandua, nikazigawa katika chupa nyingine, na kila mgawo tukauita kizazi. Vizazi vyenyewe si vingi. Baada ya muda seli huzeeka: hutanuka, huwa bapa na nzito, husahau zilikuwa seli za nini, kisha hukoma. Na hata zikiwa bado changa, haziwi figo. Hazina habari ya figo. Ni sakafu isiyo na nyumba.

Tena kuzikuza hakukuwa kazi yangu. Kulikuwa matayarisho ya kazi. Kazi yangu ilikuwa kuzitia sukari, kiasi kile kinachozunguka katika damu ya mtu mwenye kisukari kisichotibiwa, na kuandika jinsi zinavyoharibika. Kuna chupa nilizozitunza na chupa nilizozidhuru, na kila asubuhi nilizifikia zote kwa uangalifu uleule. Sukari ndiyo iliyoziua figo za mama. Nilichagua somo hilo kwa sababu hiyo, na wakati huo nilidhani kuchagua hivyo ni aina ya upendo.

Siku moja ya Jumamosi, baada ya mama kusafishwa damu kwa mashine, nililazimika kupitia maabara kabla ya kumrudisha nyumbani. Maabara yetu ilikuwa kando ya Barabara ya Waiyaki, na seli hazijui wikendi; zisipobadilishiwa maji hufa. Sikutaka kumwacha langoni na askari. Akapanda ngazi taratibu, akishika ukuta kwa mkono mmoja, na ule mwingine, wenye mshipa uliounganishwa kwa ajili ya sindano, akaukumbatia kifuani kama kawaida yake. Nilimvisha koti jeupe. Nikamketisha mbele ya hadubini. Kisha, kwa adabu au kwa woga, nikamwekea chupa nzima, ile isiyotiwa sukari.

Alitazama kwa muda mrefu.

"Zinaishi?"

"Zinaishi, mama."

"Ni za mtu?"

"Ni za figo ya mtu. Yaani, za mishipa ya damu iliyo ndani ya figo."

"Na ni wewe unazilisha."

"Ni mimi."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, akaivaa, akatazama tena. Niliamini ni uchovu. Njiani hakusema neno, na hilo nalo niliamini ni uchovu. Nilikuwa nikipimia watu wote kwa kipimo changu mwenyewe, na mimi, mwaka ule, sikuwa na kitu kingine cha kupimia.

Sisi ni Wakikuyu, na kwetu majina hayachaguliwi, hurudi. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu wa upande wa baba, na wa pili jina la babu wa upande wa mama. Wasichana vivyo hivyo kwa bibi zao. Kaka yetu mkubwa na dada yetu mkubwa waliwarudisha watu wa marehemu baba. Mimi nilimrudisha mama yake mama. Ndugu yangu mdogo, kitindamimba, alimrudisha baba yake mama. Kwa hiyo mama hakuwahi kutuita kwa majina. Mimi aliniita maitu, ndiyo kusema mama yangu, tangu nilipokuwa wa kunyonya, na ndugu yangu akamwita baba. Mgeni akisikia hudhani ni utani wa mapenzi. Ulikuwamo utani, lakini haukuwa utani tu. Nilipokosa, mama hakunichapa. Alisema mtu hampigi mama yake, akamwachia dada yangu kazi hiyo, na dada aliifanya kwa bidii.

Figo za mama zilipokoma, watoto wote wanne tulijitolea. Kaka na dada walirudishwa mlangoni, kwa maana wao pia walikuwa wamerithi sukari. Damu yangu haikupatana na yake. Muuguzi alinieleza hayo kwa upole, akidhani labda nitapumua. Akabaki ndugu yangu. Damu yake ilipatana. Alikubali kabla daktari hajamaliza swali.

"Ziko mbili," alisema. "Nimekuwa nikibeba spea bure miaka hii yote."

Kilichobaki kilikuwa siku moja ya vipimo vya mwisho, ambapo yeye na mama walitakiwa kufika pamoja, watolewe damu ichanganywe ionekane kama itagombana, na mama atie sahihi. Bila sahihi yake hakuna mpasuaji ambaye angeshika kisu. Siku ile ilipofika, mama alikuwa na mkutano wa kanisa. Tukapangiwa nyingine. Siku hiyo nayo akaamka na kizunguzungu. Sikuunganisha mambo haya mpaka niliposikia makofi.

Sasa lazima niseme jinsi nilivyokuwa nimefundishwa kusema. Msimamizi wangu, mzee mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Ngara na aliyeongea Kiswahili safi kuliko sisi wote, hakuruhusu neno haiwezekani katika kazi zetu. Alilikata kwa kalamu nyekundu. "Umejuaje?" aliuliza. "Umejaribu njia zote? Umeishi miaka yote ijayo?" Juu ya neno lililokatwa aliandika: haijaonyeshwa. Baada ya miaka miwili chini ya kalamu ile sikuweza kusema hapana bila kuiwekea mlango wa nyuma. Sikusema mvua haitanyesha. Nilisema hakuna dalili. Nilijivunia jambo hilo. Nililiita unyofu.

Wiki iliyofuata makofi, niliamua kumsahihisha mama. Kila alipotoka katika mashine alipenda kupitia Kenyatta Market kusukwa nywele. Alisema hospitali humfanya ajione kama shati lililokamuliwa, na vidole vya msusi ndivyo vinavyomrudishia umbo. Nikaketi kando yake kwenye benchi. Moshi wa nyama choma ulikuwa ukiingia kutoka vibanda vya jirani, na mama, aliyekatazwa nyama ya namna ile, pamoja na chumvi, ndizi na maharagwe, alikuwa akiuvuta kwa pua bila kujificha.

"Moshi hawajakataza," akaniambia.

"Mama, kuhusu zile seli."

"Eh."

"Nilichokuonyesha si figo."

"Najua si figo, maitu. Mimi si mjinga. Ni mwanzo wa figo. Hata maharagwe ukiyapanda leo kesho hukuti githeri sufuriani."

Msusi akacheka, akiwa ameshika nywele kwa meno ya kitana. Nikaendelea. Nikamweleza kwamba seli zile ni za aina moja tu, na figo ina aina nyingi. Nikamweleza kwamba hazijui jinsi zinavyopaswa kujipanga katika nafasi. Nikasema kuna watu ng'ambo wanaojaribu mambo ya namna hiyo, kwa wanyama, na kwamba matokeo ni ya awali.

"Kwa hivyo wanajaribu," mama akasema.

"Wanajaribu, lakini kwa kiwango cha ujuzi tulicho nacho haijaonyeshwa kwamba..."

"Haijaonyeshwa." Aliligeuza neno mdomoni kama mwalimu anayeonja jibu la mwanafunzi. "Basi wewe utaonyesha."

"Mama yako ana bahati," msusi akaniambia katika kioo. "Wangu hata kuniamkia ni shida, na hanifugii hata kuku."

"Huyu si mtoto wangu," mama akamjibu. "Ni mama yangu huyu. Na mama ndiye hukuza. Wengine wote wanakatwa, mama anakuza."

Kisha, kichwa chake kikiwa kimeinamishwa na mikono ya msusi, akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba anaongea na sakafu: "Baba yangu alirudi kutoka kizuizi cha mkoloni na kovu hapa." Akagusa ubavu, chini ya mbavu, nyuma kidogo. "Hakuwahi kusema alilipataje. Akiinama kuchota maji nililiona, nikiwa mdogo hivi. Alikatwa mara moja. Mimi simkati mara ya pili nipate kukojoa."

Hapo ndipo nilipoelewa, na kuelewa kulinichosha kuliko kutoelewa. Hakuwa amedanganyika kuhusu seli. Alikuwa amepata mahali pa kulaza uzito asioweza kuubeba, na mahali penyewe palikuwa chupa zangu.

Nilimfuata ndugu yangu mjini. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu katika jengo moja la River Road, chumba chenye upana wa kabati, simu zilizofunguliwa matumbo zikiwa zimepangwa mbele yake juu ya kitambaa.

"Sasa, prof," akasema bila kuinua macho. "Umeniletea figo, ama umekuja mkono mtupu?"

"Umesikia."

"Nani hajasikia? Mathee alinipigia. Ati nisihangaike na hospitali, nisipoteze siku ya kazi. Ati kuna ingine inaiva huko kwako."

"Nimemwambia haiwezi."

"Ulimwambia aje? Hebu niambie vile ulimwambia."

Nikamwambia: kiwango cha ujuzi, aina ya seli, matokeo ya awali, haijaonyeshwa. Akaweka bisibisi chini. Akanitazama, uso wake ukijizuia kucheka.

"Hiyo ni kukataa," akauliza, "ama ni kuuza bima?"

"Ni ukweli."

"Sijasema si ukweli. Nauliza alisikia nini."

Mteja akaja, akachukua simu yake, wakabishana kidogo juu ya betri, akaenda. Ndugu yangu akasubiri hatua zake zipotee.

"Mimi siwezi kumwambia," akasema. "Nimejaribu. Nikianza tu ananiambia, 'Baba, nyamaza, wewe ushakatwa.' Ushawahi kubishana na mtu anakuona na kovu ambayo huna? Lakini wewe ni nani? Si wewe ndio mamake? Yule nyanya, chifu mzima alikuwa anapitia nyuma ya boma kumhepa."

"Nyanya alikufa hata kabla hujazaliwa."

"Ndio nakuambia. Alikufa, na bado wanamuogopa." Akachukua bisibisi. "Ongea, sista. Mimi niko tayari. Lakini siwezi kujikata mwenyewe nimpelekee kwa sufuria."

Sikuongea. Naandika hivi bila kujitetea, kwa sababu nilikuwa na hoja, na hoja zangu zilikuwa nzuri. Nilijiambia kwamba tangu aone zile seli mama alikuwa anakula. Alikuwa akichemsha mboga ya sukuma mara mbili na kumwaga maji, kama alivyoagizwa, bila kulalamika. Alihesabiwa maji yake, akayakubali. Je, tumaini linalomfanya mgonjwa atii masharti si sehemu ya tiba? Na nikilivunja, nina uhakika gani kwamba atamgeukia ndugu yangu? Huenda asigeuke popote. Nililipima jambo hili asubuhi nikibadilisha maji ya chupa, nikalipima jioni nikipanda mlima wa Kangemi kwa miguu, na kila nilipofika mwisho nilikuta kuna sharti jipya nililolisahau, nikaanza tena. Stima ilikuwa ikipotea mara kwa mara wakati ule, na jenereta ya chuo ilichelewa kushika. Nilisimama gizani mbele ya kabati la joto, mkono juu ya mlango wake kana kwamba ningeweza kulizuia joto lisitoke, nikitunga sentensi kwa ajili ya mama. Zote zilikuwa sahihi, na hakuna hata moja iliyokuwa na mwisho.

Jumapili moja sikumkuta kanisani. Nikaenda Mountain View, nikamkuta ameketi katika kiti cha sebuleni, amevaa nguo za jana. Alikuwa amelala hivyo, ameketi, kwa sababu akilala chali hawezi kupumua. Miguu yake ilikuwa imejaa. Nilipobonyeza kifundo kwa kidole, shimo lilibaki pale likinitazama.

"Jana hukuenda kwenye mashine," nikasema.

"Nilipumzika kidogo." Alivuta pumzi katikati ya maneno. "Mkono umechoka na sindano. Nikasema, si yangu inakuja? Hii mashine tunaagana polepole."

Nikamshika mkono. Mshipa ulikuwa bado unavuma chini ya ngozi, mvumo ule wa nyuki katika mzinga ulionitisha nilipougusa kwa mara ya kwanza na ambao sasa niliuombea usinyamaze. Nikampigia ndugu yangu, akaja na teksi ya rafiki yake, tukampeleka hospitali. Walimtoa maji siku ile na siku iliyofuata. Daktari wa figo, mwanamke kijana mwenye sauti iliyokauka, alituita kando, mimi na ndugu yangu.

"Moyo wake unapanuka," akasema. "Leo anaweza kuvumilia upasuaji. Akiendelea hivi, itafika siku nitawaambia hawezi, hata mkiniletea figo kumi. Vipimo vimewekwa Jumatano. Asipokuja hiyo Jumatano, sitamwekea siku nyingine hivi karibuni. Kuna watu wengine kwenye foleni na wanakuja."

Kisha akanigeukia. "Anawaambia wauguzi wewe unamkuzia figo."

"Najua."

"Wauguzi wangu wawili wameniuliza kama ni kweli." Hakuwa ananishutumu. Alikuwa amechoka kama mimi. "Wewe ndiye anayekuamini," akasema, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mama alirudishwa nyumbani Jumanne asubuhi, na dada yangu akabaki naye. Mimi nilienda maabara. Nilitoa chupa zangu moja moja, nikaziweka chini ya hadubini. Kizazi kile kilikuwa cha mwisho. Nililijua kabla sijatazama, kwa jinsi maji ya waridi yalivyokuwa hayajabadilika rangi, dalili kwamba hakuna aliyekuwa akila. Katika chupa nzima seli zilikuwa zimetanuka, kila moja imechukua nafasi ya seli nne, na kati yao mna mapengo. Katika chupa za sukari, nyingi zilikuwa zimebanduka na kuelea. Huo ulikuwa ndio ushahidi nilioutafuta miaka miwili. Nilipaswa kuupiga picha. Niliupiga. Nilipaswa kufurahi kidogo, na nikasubiri kidogo ili nione kama nitafurahi.

Badala yake nilimkumbuka mama akifuta miwani.

Ana kwa ana nisingeweza. Nilijua hivyo kwa hakika, mojawapo ya mambo machache niliyoyajua kwa hakika mwaka ule. Angenitazama mikono, nami ningeanza kueleza. Lakini wazee wa ukoo, kila walipokutana nami, walisema jambo moja: sura nimechukua kwa baba, sauti ni ya yule mwanamke niliyeitwa jina lake. Mama mwenyewe alisema hivyo. Alisema akinisikia nikiita kutoka chumba kingine hunyooka mgongo bila kutaka.

Nikavua glavu. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za nyuma, penye mitungi mitupu ya gesi, nikapiga simu. Ililia kwa muda. Aliposhika nilisikia redio nyuma yake, kipindi cha salamu.

"Maitu," akasema. "Chupa zangu zinaendeleaje?"

"Zimekufa, mama."

Mtu katika redio akamsalimu shangazi yake wa Limuru.

"Utaweka zingine."

"Nitaweka zingine, na hizo pia zitakufa. Mama, hakuna figo."

"Bado."

"Si bado. Hakuna. Haikuwapo siku ile uliyotazama, na haitakuwapo. Zile seli kazi yangu ni kuzitia sukari nione zinavyokufa. Ndiyo kazi yangu yote. Nilikuwekea zile nzima kwa sababu sikutaka uone zile nyingine."

Nikasikia redio ikizimwa, kisha kupumua kwake, kwa shida, kukipanda na kushuka. Sentensi zote nilizokuwa nimezitunga zikaja mlangoni zikitaka kuingia, na masharti yao. Nikazifungia nje.

"Ulinionyesha," akasema mwishowe, taratibu. "Mimi nimewaambia watu."

"Nitawaambia mimi. Nitaenda kwa mwenyekiti mwenyewe, dukani kwake."

"Na baba yangu?"

"Baba yako aliniuliza jana, pale hospitalini, kama ni kweli humtaki," nikasema, na sauti iliyotoka haikutetemeka, na sikuwa na uhakika ni ya nani. "Walipomkata mara ya kwanza hakuna aliyemwomba ruhusa. Sasa ameombwa, amekubali, na wewe unamfungia mlango. Mimi ni nani kwako?"

"Usiniulize hivyo."

"Mimi ni nani?"

"Ni maitu."

"Basi nisikilize, mtoto wangu. Kesho utaamka, utavaa lile koti la kahawia, utaenda hospitali na baba yako, utatoa damu, na utatia sahihi."

Nikaondoa simu sikioni kuangalia kama imekatika. Haikuwa imekatika. Nilipoirudisha alikuwa ameanza kulia, kilio cha chini, cha mtoto anayeona aibu kusikika, na sikumbembeleza, kwa sababu ningembembeleza ningemwambia labda.

"Alikuwa mkali hivihivi," akasema alipoweza. Akapenga kamasi. Kisha sauti ya ualimu ikarudi, nyembamba, ikishika njia yake mwenyewe. "Mwambie baba aje mapema. Na asinywe chai nyumbani. Wale watu hupima damu, na yeye bila kuambiwa hunywa chai."

"Nitamwambia," nikasema.

Akakata simu.